Roli Sita za Korongo Jembamba

12 Januari

Wifi yangu wa studio,

Salamu kwako, kwa shangazi na goti lake, na kwa binti yako ambaye nasikia ameshapangiwa shule ya kufundisha. Mwambie asiwaonyeshe wanafunzi wiki ya kwanza kwamba anacheka haraka. Sisi ni wazima. Kaka yako anakula, analala, na ameanza kuota ndevu ambazo sijaziruhusu.

Niliahidi kukuandikia kila tukifika penye posta, kwa sababu huku simu haishiki. Posta yenyewe ni dirisha moja ndani ya kituo cha mafuta. Yule anayekujazia mafuta ndiye anayegonga muhuri, na barua zote hunusa dizeli.

Jina ulilolipa gari siku tunaondoka limeganda. Konokono. Kweli limebeba nyumba mgongoni na kweli halina haraka. Kutoka kitandani mpaka usukani ni hatua tano, nimezipima. Jiko lina macho mawili. Meza ikikunjwa inakuwa kitanda, kitanda kikikunjuliwa hakuna pa kupita, kwa hiyo anayetaka kutoka lazima atangulie kuamka. Miaka thelathini na moja niliandika habari za watu wengine kwenye gazeti, nikiwa na mhariri mgongoni. Sasa mgongoni nina sufuria.

Nilidhani jangwa ni mchanga. Hili ni mawe. Unaendesha saa nzima kwenye ardhi tambarare, hakuna mti, hakuna nyumba, halafu bila taarifa ardhi inapasuka miguuni pako na unajikuta unatazama chini kwenye korongo lenye kina cha jengo la ghorofa arobaini. Asubuhi sana humo chini hulala ukungu, nao hupanda na kushuka taratibu. Mara ya kwanza nilikaa ukingoni na kikombe changu, na chai ilipoa sijainywa. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa jambo usingizini na bado hajaamka kulipima.

Kaka yako anafanya kazi kama siku zote. Jana alisubiri saa mbili na dakika arobaini ili kivuli kimoja kitoke juu ya jiwe. Kilipotoka akapiga picha moja. Nikamuuliza kwa nini asipige mbili. Akasema, "Kivuli kimetoka mara moja." Anasema baada ya miaka arobaini ya picha za pasipoti amepata wateja anaowataka: mawe hayapepesi macho, na hakuna anayeuliza kama atatokea mnene.

Nakutumia roli mbili za filamu. Zisafishe wewe mwenyewe.

Wifi yako,
wa barabarani


2 Februari

Wifi mwizi,

Nakuita mwizi kwa sababu umeniibia kaka mara mbili, siku ya ndoa na siku ya Konokono. Salamu zako zimefika. Shangazi anasema goti linamwambia mvua itanyesha. Limekuwa likisema hivyo tangu mwezi wa kumi. Binti ameanza kazi, na siku ya pili tu alicheka darasani. Umekwisha kumroga.

Roli mbili nimezisafisha mwenyewe, mlango nimefunga kwa komeo. Zimetoka vizuri mno. Kuna moja, ya kumi na nne kwenye roli ya kwanza: ukingo, kivuli, basi. Niliichapa, nikaiweka kaunta ikauke, na mteja aliyekuja kwa picha za kitambulisho akaitazama mpaka nikamwita mara mbili. Akaniuliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi nimewahi kufika hapo," na wifi, yule mtu hajawahi kuvuka hata mto.

Habari za studio ni zile zile. Pasipoti, vitambulisho, na watu wanaoniletea simu niwatolee picha zilizomo. Siku nzima nabonyeza vitufe. Roli za kaka ndizo pekee zinazonirudisha chumba cha giza. Nikiingia humo na kuzima taa nakuwa binti wa miaka kumi na mitano tena, baba anakohoa upande wa pili wa ukuta, na mikono yangu inajua kila kitu bila macho.

Jambo moja. Lebo za roli zimeandikwa na wewe. Kaka hajawahi kumwachia mtu lebo zake, hata mimi. Anaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kulikoni?

Wifi yako,
wa studio


27 Februari

Wifi mpenzi,

Barua yako nimeipokea leo, ikinusa dizeli kama zote. Mpe shangazi pole, mpe binti pongezi. Tumepasua tairi moja na kubadilisha. Mimi ndiye ninayeendesha sasa, na naendesha vizuri kuliko mnavyosema.

Kuhusu lebo: siku ile mikono ya kaka yako ilikuwa na shughuli nyingine.

Sasa habari yenyewe. Tumefika kwenye korongo ambalo watu wa huku wanaliita jembamba tu. Juu ya ardhi ni ufa ambao mtoto anaweza kuuruka. Unashuka kwa ngazi ya chuma, halafu unakwenda kiubavu, tumbo kwenye jiwe na mgongo kwenye jiwe, hatua mia moja na sitini. Kaka yako mbele, mimi nyuma na stendi ya kamera. Kuta zimekwanguliwa na maji ya zamani mpaka zikawa kama kitambaa kilichokunjwa na mtu asiye na haraka. Rangi yake ni nyekundu, lakini mchana inageuka kuwa ya machungwa, halafu ya waridi, halafu rangi ambayo kazini ningeifuta kwa sababu sina neno lake.

Mlinzi wa hapa ni mama wa makamo mwenye kofia pana na redio isiyoshika stesheni yoyote. Alituambia kwamba jua hufika sakafuni mwa korongo kwa siku chache tu za Februari. Baada ya hapo linapita juu kwa juu mpaka mwaka mwingine. Tukalala pale pale kwenye Konokono.

Siku tisa mfululizo tumeshuka. Saa tano na dakika kumi na mbili mwale unaingia kwenye ufa, mwembamba kama uzi. Unashuka ukutani, unanenepa, unagusa mchanga, na vumbi lote lililokuwa hewani bila sisi kuliona linasimama ndani yake. Saa tano na thelathini na nne umeondoka. Dakika ishirini na mbili. Siku moja nilitambua nimezuia pumzi, nikamtazama kaka yako, naye kazuia yake.

Roli alikuwa akibadilisha mwenyewe, akinipa mgongo. Ilimchukua muda, lakini kule chini muda haupo wa kutosha kuhesabiwa. Siku ya tisa alifunga kamera akasema, "Imetosha." Miaka ishirini na nane ya ndoa sijamsikia akilisema neno hilo, si kwa picha, si kwa pilipili.

Hizi ni roli sita. Wifi, hizi ndizo alizokuja kuzitafuta. Anataka picha moja tu aitundike, hajali wapi. Usimwachie mtu.

Wifi yako,
wa barabarani


10 Aprili

Wifi,

Samahani kwa kuchelewa. Hapa mambo yamekuwa mengi. Shangazi ameletewa fimbo mpya na anaitumia kunyooshea watu badala ya kutembelea. Binti amepewa darasa la pili juu ya lile la kwanza, anarudi hana sauti. Mimi nilishikwa na mafua ya wiki tatu, pua imeziba kabisa, chakula hakina ladha. Bomba la chumba cha giza lilipasuka, sakafu ikajaa maji, nikamwita fundi bomba, akafanya kazi siku mbili na kuacha matope mpaka kwenye kaunta. Mwenye nyumba amepaka rangi mlango wa mbele, kijani, bila kuniuliza. Sasa wateja wanapita wakidhani ni duka la dawa.

Roli sita zilifika salama.

Wifi, zimetoka tupu. Zote. Nimezianika nikazitazama mwanzo mpaka mwisho na hakuna hata picha moja. Huenda filamu haikushika kwenye meno ya kamera ilipoingizwa. Mambo haya hutokea, hata kwa watu wazoefu.

Mwambie taratibu.

Wifi yako


29 Aprili

Wifi,

Salamu kwa shangazi, kwa fimbo yake na kwa binti. Huku joto limepanda. Mchana tunafunga mapazia, tunakaa ndani ya Konokono kama watu waliomo ndani ya chungu.

Barua yako nilimsomea siku ile ile niliyoipata, mezani. Nilisoma taratibu kama ulivyoagiza, ingawa maneno yenyewe hayakuwa na utaratibu. Kaka yako alisema, "Haya." Akachukua kikombe chake, akakiosha, akakifuta, akakirudisha kabatini. Siku iliyofuata aliifunga kamera kwenye taulo na kuisukuma chini ya kitanda.

Nitakuambia sasa nilichokuficha, kwa sababu kukificha hakujamsaidia mtu. Mikono ya kaka yako inatetemeka. Ilianza mwaka jana kabla hatujaondoka. Daktari alitupa jina la ugonjwa na vidonge, akasema utakwenda polepole. Kaka yako alinikataza nisikuambie, akisema wewe utalia halafu utakuja kumbebea vikombe. Lebo niliandika mimi kwa sababu yeye hawezi tena kuandika kwenye kitu kidogo. Niliyokujibu kuhusu lebo hayakuwa uongo, lakini niliyapanga nikijua utayaelewa vibaya. Kazi niliyoifanya imenifundisha hivyo, na si jambo la kujivunia.

Nilimuuliza, "Hutamuuliza mdogo wako zimeharibika vipi?"

"Imeshajulikana."

"Imejulikana na nani?"

"Na huyu," akasema, akainua mkono wa kulia. Ulikuwa ukitetemeka. Tuliutazama wote wawili kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.

Tangu siku hiyo anakaa mlangoni mwa gari na kutazama nje. Vivuli vinatoka kwenye mawe na yeye anaviacha vitoke. Jioni mawe yanakuwa na rangi ya kaa la moto linalozimika, mbali kule vilele vinaelea juu ya vumbi kama havikufungwa popote, na mtu aliyekuja mwendo wa siku kumi na moja kuviona anavitazama kama mtu anayetazama ukuta wa kituo cha basi. Juzi alimwambia mwenye karakana aliyetuzibia tairi kwamba atampa kamera bure, maana bintiye mkubwa anapenda picha. Mwenye karakana yuko safarini kutafuta vipuri. Ataipitia Jumamosi ya mwisho ya Juni. Kaka yako akishatoa kitu harudishi, unamjua.

Sasa nisikilize. Jana alisema, akiongea na dirisha, "Na namba sitaki hata kuziuliza."

Nikasema, "Namba gani?"

Nilimsubiri. Nimewasubiri mawaziri, sembuse yeye. Mwishowe akaeleza kwamba kwenye kingo za kila filamu kiwanda huweka namba ndogo ambazo hazionekani mpaka filamu isafishwe. Hata kama filamu haijapita kwenye kamera, ikisafishwa sawasawa namba zinatokea. Picha zikikosekana na namba zipo, kosa ni la mpiga picha. Picha zikikosekana na namba nazo zikikosekana, kosa limetokea kwenye dawa.

Nikamwambia, "Basi muulize."

Akasema, "Nimuulize mdogo wangu kama ameniharibia? Nikijua, itanisaidia nini? Acha iwe mimi. Mimi tayari ni mbovu."

Yeye hakuulizi. Mimi nakuuliza. Kwenye kingo za zile filamu sita, namba zipo au hazipo? Nijibu kwa neno moja.

Wifi yako


30 Mei

Wifi,

Salamu. Sote wazima.

Nimekwenda kwenye dirisha la kituo cha mafuta mara nne. Yule wa muhuri ameanza kutikisa kichwa akiniona bado nipo barabarani.

Swali ni lile lile. Jumamosi ya mwisho ya Juni haijasogea.

Wifi yako


8 Juni

Wifi,

Hazipo.

Ulitaka neno moja na hilo ndilo. Mengine haya nayaandika kwa sababu nikiliacha peke yake sitalala.

Unakijua chumba chetu cha giza. Matangi matatu yamepangwa kwenye sinki refu. La kushoto ni dawa inayotoa picha, la kati ni maji, la kulia ni dawa inayogandisha picha, ambayo ikitangulia huifuta kabisa. Matangi yenyewe yanafanana kama mayai. Baba hakuwahi kuyaandika kitu, maana gizani hakuna anayesoma. Alitufundisha kwa mikono: kushoto, kati, kulia. Kaka alifundishwa hivyo, mimi nikafundishwa hivyo, na kwa miaka arobaini na mbili hakuna aliyeyagusa isipokuwa sisi.

Fundi bomba aliyagusa. Aliyatoa yote matatu ili afike chini ya sinki, na alipomaliza akayarudisha. Akayarudisha vizuri, kwenye mstari, na vifuniko vyake. La kulia akaliweka kushoto. Mtu angemlaumu vipi?

Pua yangu ingeniambia. Ile dawa ya kugandisha inanuka siki, huwezi kukosea. Lakini nilikuwa na mafua. Nilifunga mlango, nikazima taa, nikazitundika filamu zote sita kwenye chuma kimoja, maana nilitaka zitoke pamoja, sawasawa, kama ndugu. Nikazizamisha kushoto. Nilikuwa naimba, wifi. Nilipowasha taa zilikuwa safi kama kioo. Niliona vidole vyangu vilivyo upande wa pili.

Nilijua papo hapo. Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka watu wakagonga kaunta.

Nikuambie kwa nini nilisema uongo. Niliwaza kwamba kaka hataniletea roli tena, na nikibaki na simu za watu na mlango wa kijani sitakuwa fundi, nitakuwa muuza duka. Hilo la kwanza. La pili ni baya zaidi. Nilizikumbuka lebo. Wewe unadhani ulinificha, lakini mimi nilizaliwa nyuma ya yule mtu na najua anavyoshika kalamu. Nilishabahatisha kuwa mikono ina jambo. Nikajua nikiandika "filamu haikushika" ataamini kabla hujafika nukta. Niliona njia imeachwa wazi na nikapita juu ya mikono yake.

Sikujua angeitoa kamera.

Barua yako ya Aprili niliiweka kwenye droo ya risiti. Ile ya Mei niliiweka juu yake. Shangazi akaniuliza mbona kila nikifungua ile droo naifunga kwa kishindo, nikamwambia imevimba kwa unyevu. Akasema, "Kilichovimba si droo."

Msomee. Usinipunguzie.

Wifi yako,
wa studio


30 Juni

Wifi,

Salamu kwa shangazi, ambaye angefaa gazetini. Salamu kwa binti. Sisi tupo pale pale, umbali wa kilomita mbili kutoka korongo jembamba. Konokono limeingiwa na mchwa kwenye ubao wa mlango, sijui walitoka wapi kwenye nchi isiyo na mti.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nilimsomea Ijumaa asubuhi, baada ya vidonge vyake, nje, upande wa gari wenye kivuli. Nilisoma yote. Sikukupunguzia na sikukuongezea.

Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, ndivyo anavyoshika siku hizi. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa kwanza."

"Hazipo."

"Kwa hiyo zilishika."

"Zilishika."

"Zote sita."

"Zote sita."

Akakiweka kikombe chini kwenye mchanga. Akaitazama mikono yake, huu halafu huu, kama mtu anayelinganisha watoto wake na maneno ya mwalimu. Nilidhani atalia. Akasema, "Alikuwa na mafua?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Akiwa na mafua asiguse dawa! Nimemwambia tangu ana miaka kumi na mitano! Tangu baba yuko hai!" Akasimama. "Siku tisa! Tumekwenda kiubavu kama kaa siku tisa!" Genge la mawe la ng'ambo likamrudishia maneno yake moja moja, kwa sauti nzuri kuliko yake, naye akalijibu. Alikuwa na hasira mpaka saa sita mchana. Sijamwona na hasira tangu mwezi wa nne na nilifurahi sana, nikapika chai mara mbili.

Baada ya hapo aliniuliza kama ningeweza kukaa huku mpaka Februari. Nikamwambia nimestaafu, nani ananingoja? Akasema, "Basi mwambie mdogo wangu roli zitakuja. Na mwambie hayo mengine nitamwambia mwenyewe nikipoa." Hajapoa. Mimi pia sijapoa, na sitakuandikia kwamba nimepoa wakati sijapoa. Ulijua anachokiogopa, ukakitumia. Mimi nami nilijua kwamba mambo ya mikono yake yalikuhusu, nikakaa nayo. Tutayaongea tukikutana, tukiwa wawili, mlango umefungwa.

Mwenye karakana alikuja jana saa nne, na bintiye mkubwa kando yake, amevaa viatu vizuri kwa ajili ya safari. Kaka yako akawakaribisha kivulini. Akamwambia yule binti, "Kamera imepata kazi kidogo."

"Kazi mpaka lini, mzee?"

"Mpaka Februari, kwa kuanzia. Lakini njoo kila Jumamosi, nikuonyeshe kusubiri. Kufyatua utajifunza siku moja, hakuna kitu pale."

Mwenye karakana akanitazama. Nikatazama mlima. Walikunywa chai wakaondoka, na vumbi la gari lao lilining'inia juu ya barabara kwa muda mrefu, likawa la dhahabu, halafu halikuwapo.

Kisha kaka yako akapiga magoti, akaivuta kamera kutoka chini ya kitanda, akafungua taulo. Akakaa mezani akafungua mgongo wa kamera. Akatoa roli mpya kwenye kopo lake. Ikamtoka, ikabingirika mpaka chini ya usukani, akaifuata. Ncha ya filamu aliiingiza kwenye ufa wake ikatoka. Akaiingiza ikatoka tena. Jasho lilimkaa juu ya mdomo. Mikono ilikuwa inatetemeka kama inavyotetemeka, wala haikuniomba kitu, nami niliikalia yangu. Nje upepo ulikuwa umesimama na genge lote lilikuwa na rangi ile nisiyokuwa na neno lake. Mara ya tano ncha ikaingia ikabaki. Akavuta polepole, akaona meno yameshika vitundu pande zote mbili, akafunga mgongo wa kamera kwa kiganja.

Dakika kumi na moja. Niliangalia saa, sikumsaidia.

Akaizungusha filamu mpaka mwanzo wake, akaisogeza kamera dirishani penye mwanga ili anionyeshe kaunta yake, ile namba inayohesabu picha. Ilisoma moja.

Wifi yako,
wa barabarani